Kibanda cha Tomondo hakiuzwi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Juzi usiku binti yangu alinionesha kwenye kundi la WhatsApp picha ya kibanda cha chuma, rangi ya kijani iliyopauka, dirisha la kusukuma juu, na ubavuni tangazo la zamani lililofutika nusu. Chini yake pameandikwa: "Kinauzwa, bei maelewano, wahi." Nilishtuka, maana kibanda kile nakijua. Kipo Tomondo na hakiuzwi. Mie nimeshakilipia arbuni ya laki nne.

Ni fundi cherehani, naishi Fuoni. Kwa miaka minane nilikodi mlango mmoja wa duka, na kodi ilipopanda nikaona bora nitafute kibanda changu, kilichokwisha kutumika, nikiweke ubavuni mwa nyumba yetu. Kipya kwa fundi bei yake sikuiweza. Dalali aliyeweka ile picha wakati huo alitaka milioni moja na laki tatu, na arbuni nitume ili asimpe mtu mwengine.

Msidhani nilituma pesa kwa picha tupu. Nilikwenda Tomondo na kaka yangu. Dalali mwenyewe, kijana, alitupokea vizuri, akaniita mama angu, akanitafutia kivuli, akatueleza kwamba mwenye kibanda anakwenda kutibiwa Dar es Salaam ndiyo maana anauza kwa haraka. Kibanda tulikizunguka, tukakigonga kwa mikono, tukachungulia kwenye upenyo wa mlango. Kuingia ndani hatukuingia, kwa sababu ufunguo, alisema, anao mwenyewe. Pale jirani pana duka la vyakula na kinyozi. Yule kijana aliwasalimia kwa sauti kubwa, nao wakaitikia. Mie na kaka yangu tukaona kumbe ni mtu wa hapa hapa. Mpaka leo nikikumbuka salamu ile naumia. Zanzibar nani asiyeitikia salamu? Wale watu walikuwa hawamjui, na lau tungewauliza neno moja tu wangetwambia.

Nilipokuwa natuma, simu iliniletea jina la mpokeaji kabla sijaweka namba ya siri. Lilikuwa jina la mwanamke. Nikampigia yule kijana kumuuliza. "Laini ya mke wangu hiyo mama angu, yangu imejaa." Nikakubali, nikatuma. Nawaomba wasomaji, khasa kina mama wenzangu, mlishike hili la jina. Likitokea jina ambalo si la mtu mliyekaa naye mkazungumza, futeni muamala hapo hapo. Mkishaweka namba ya siri, pesa imekwenda, na tapeli huitoa kwa wakala kabla hamjarudisha simu mkobani.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikafika na Fuso ya kukodi na vijana sita wa kunyanyua. Nikakuta Canter imeshafika mbele yangu, na mwanamme mmoja kutoka Bububu anafungua minyororo. Nikamuuliza anafanya nini. Akanambia amekuja kuchukua kibanda chake. Tulikuwa bado tunabishana pale ikaja gari ya tatu, na ndani yake mama mmoja wa Jambiani na mtoto wake wa kike. Yule mama alikuwa amelipa pesa zote, milioni moja na laki tatu, pesa za mwani na za kikoba. Alipofahamu kilichotokea alikaa kitako juu ya matofali. Hakulia. Aliomba maji ya kunywa, na mtoto wake akabaki anapiga simu ile ile, inaita hewani hakuna mtu.

Mwenyewe akaja kiasi cha saa tatu, mzee wa watu, anasukuma baskeli. Alifungua kufuli mbele yetu. Ndani mlikuwa na magunia ya mkaa mpaka juu. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na safari, wala hajawahi kumwambia mtu kwamba anauza.

Sheha aliitwa, akaja upesi, akatuchukua kwake. Aliandika karatasi: nani ametoa kiasi gani, tarehe gani, kwa namba gani. Karatasi hiyo tukaipeleka polisi, na shauri lipo huko. Alituambia jambo moja ambalo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Kibanda kile kipo katika shehia yake miaka kumi na moja, na mwenyewe anamjua kwa jina la baba na babu. Tungepita kwake siku ile ya kwanza tukauliza, tungepata jibu kabla hatujakaa.

Nyumba ina hati, gari ina kadi. Kibanda hakina chochote. Ni mabati na vyuma, hunyanyuliwa leo hapa kesho pale, na yeyote anaweza kusimama mbele yake akasema changu. Hivyo ushahidi uliopo ni wa watu wa pale kilipo: sheha, jirani wa kushoto, jirani wa kulia. Na ufunguo. Mtu anayeuza kitu chake hawezi kukosa kukufungulia ukaingia.

Miezi mitatu baadaye nilinunua kibanda chengine, Mwanakwerekwe, na safari hii nilikwenda na fundi wa kuchomea nikamlipa nauli na elfu kumi. Nilijifunza mengi asubuhi ile. Kibanda cha kwanza tulichokiona kilikuwa kizuri mno, kinang'aa, rangi bado inanuka. Fundi hakuitazama rangi. Alipiga magoti akaanza kugonga chini, pale bati linapokutana na fremu, kwa mpini wa bisibisi. Ti, ti, ti, halafu mahali pamoja sauti ikabadilika ikawa kama ya kugonga ubao. Akageuza bisibisi akasukuma kidogo, ikazama. Ilikuwa puti imejazwa juu ya kutu, ikapakwa rangi. Kisiwani kwetu upepo wa chumvi hula chuma kutoka chini, kwenye maji yanayotuama, na fremu ya chini ikishaoza, siku ya kukinyanyua kwa minyororo kibanda huachana vipande viwili. Tukaondoka.

Hiki nilichokinunua kina kutu ya wazi, haikufichwa. Fundi aliniingiza ndani saa sita mchana, akanifungia mlango, akanambia nitazame juu. Niliona vitundu vinne vya mwanga, nikavihesabu, na bei ikashuka kwa vitundu hivyo. Nimeviziba kwa elfu ishirini na tano. Hati ya mauziano tuliandikiana kwa sheha wa pale, na mashahidi wawili, nakala za vitambulisho zikaambatishwa. Pesa nilitoa kibanda kikiwa kimeshapakiwa garini.

Jirani yangu yeye anataka kontena lenyewe la meli, la futi 20. Hilo lina jambo lake: likiwa tupu huzidi tani mbili, kwa hiyo vijana sita hawaliwezi, linataka kreni, na gharama ya kreni iulizwe kabla ya kukubaliana bei. Mlangoni lina namba, herufi nne ambazo kwa kawaida ya mwisho huwa U, kisha tarakimu saba. Namba hiyo iandikwe kwenye hati. Na anayeuziwa kibanda "pamoja na eneo" aende baraza la manispaa akaulize eneo ni la nani, maana kibanda kinaweza kuwa halali yako na pale kilipo pakawa ni hifadhi ya barabara.

Ombi langu ni kwa masheha wetu. Kila shehia iweke daftari moja la vibanda na makontena: cha nani, kiko wapi, kikiuzwa kimeuzwa kwa nani. Ni kazi ya daftari la kurasa mia na kalamu. Tunapokwenda kwao kutaka barua za ukaazi hutuhudumia, na hili naamini wataliweza. Na nyinyi mnaoendesha makundi ya kuuza na kununua, tangazo la kibanda lisilotaja shehia wala jina la mwenyewe lifuteni. Namba ya yule kijana nimeshairipoti kwa kuituma kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, lakini picha ya juzi imekuja na namba nyengine.

Mzee wa Tomondo ameandika kwa rangi nyeupe mlangoni mwake HAKIUZWI, herufi kubwa. Picha inayozunguka ni ya kabla ya maandishi hayo.

Yule mama wa Jambiani sikuchukua namba yake, na siku ile aliondoka kabla karatasi ya sheha haijakamilika. Jina lake na kiasi alicholipa tumeviandika, ila sahihi yake haipo. Akisoma hapa, au akisomewa na yule mtoto wake, naomba apite kwa sheha wa Tomondo siku yoyote asubuhi akaitie sahihi.

Fundi cherehani,
Fuoni, Unguja