Dizeli Yako Iache Hukohuko

Mombasa, Jumapili jioni, mwaka 2024

Ndugu yangu Salim,

Asalaam aleikum. Picha za gari lako la huko Uingereza nimezipata zote, na ile ya boneti wazi nimeikuza mpaka nikasoma kibandiko. Gari zuri, wallahi, sikatai. Toyota RAV4 ya 2017, dizeli ya lita mbili, limetunzwa kama bibi harusi wa jana. Lakini umeniuliza mbona katika yadi zote za Mombasa hujapata kuona moja kama hilo, na jawabu la swali hilo ndilo litakalokuzuia kulileta. Kwa hiyo nimekaa chini niandike barua, maana kwenye simu utanikatiza.

RAV4 ya umbo lile haikuuzwa Japani kabisa. Wao walibaki na ile ya zamani hadi 2016, kisha wakakaa bila RAV4 mpaka ilipokuja mpya mwaka 2019. Katikati hapo walikuwa na Harrier, gari jingine la Toyota. Nasi hapa twala kinachobaki mezani kwa Mjapani: meli ya magari ikifunga Kilindini, mimi nikienda kutoa ya wateja wangu, Harrier zimejipanga kama sare za shule.

Fungua boneti ya Harrier hizo nyingi: petroli, ujazo wa injini cc 1,986. Mbona isiwe 2,100? Kwa sababu kule Japani kodi ya gari ya kila mwaka hupanda ngazi kwa cc, na ngazi moja yaishia 2,000. Injini hushonwa kwa kipimo cha kodi. Probox na Fielder zetu ni cc 1,496, na mstari wa 1,500 uko Japani na uko Kenya vilevile: ushuru wa bidhaa hapa ni asilimia 20 chini ya hapo, asilimia 25 ukivuka. Hata matajiri hawakuachwa. Waitaliano zamani waliyatoza magari ya zaidi ya lita mbili VAT ya asilimia 38, ndipo Ferrari mwaka 1975 wakatoa 208 yenye silinda nane katika cc 1,991. Gawanya mwenyewe. Kila silinda haifiki robo lita, na mtu akiitwa mwenye Ferrari!

Sasa huko kwenu Uingereza, kuanzia 2001 kodi ya barabara ilipimwa kwa hewa ya kaboni inayotoka kwenye ekzosi. Dizeli hunywa kidogo, kwa hiyo hutoa kaboni kidogo, kwa hiyo kodi yake ikawa ndogo, na kila mtengenezaji akalazimika kuwa na dizeli ya kuuza. Toyota wakaona hasara kuendelea kuunda injini ndogo za dizeli kwa ajili ya Ulaya tu, wakanunua kwa jirani. Hiyo ya kwako, Salim, ni injini ya BMW. Jina la Toyota liko juu ya kifuniko cha plastiki tu.

Japani upepo ulivuma kinyume. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi akiwaonyesha chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli. Kufikia 2003 malori na mabasi yasiyotimiza kipimo chake cha masizi yakapigwa marufuku mjini. Baada ya picha ile, nani angemnunulia mkewe gari dogo la dizeli?

Najua utasema: mimi narudi nyumbani moja kwa moja, gari nimelimiliki zaidi ya mwaka, nitasamehewa ushuru. Sawa, hilo la karatasi niachie mimi. (Ila angalia mwaka wa usajili wa kwanza, ile sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane haina huruma.) Hofu yangu ni baada ya lango la bandari.

Shemeji yangu alinunua kigari cha dizeli, sitakitaja jina. Miezi minane, kikakosa nguvu hata kupanda daraja la Nyali. Fundi akafungua njia ya hewa mbele yangu, akaingiza bisibisi, ikasimama. Masizi yaliganda humo kama ukoko wa wali chini ya sufuria, pamebaki tundu la kupitisha kidole cha mtoto. Na lile chujio la masizi kwenye ekzosi halijichomi mpaka lipate moto mkali, nyuzi 600 hivi, ambao injini huupandisha kwa kuongeza dizeli, nayo yataka ukimbie barabara kuu muda wa kutosha. Safari yako wewe itakuwa Kisauni hadi Mwembe Tayari, gia ya kwanza na ya pili, na siku za kuvuka Likoni, injini unazima kwenye foleni ya feri. Litajichoma saa ngapi? Dizeli yetu nayo mwaka 2015 iliwekewa kiwango cha sehemu 50 za salfa kwa milioni. Yenu ni 10, na injini hiyo iliundwa kwa hiyo ya 10.

Ukiwa na kiu ya dizeli, tazama Land Cruiser zinazoundwa kiwandani hapahapa Mombasa: lita 4.2, silinda sita, haina tabo (turbo), fundi yeyote aijua kwa kuisikiliza. Ulaya haiwezi kuuzwa kwa moshi wake. Na mwaka 2014 Wajapani walipoirudisha kwao gari hiyohiyo kwa muda, waliitia petroli ya V6. Bodi moja, miji miwili, mioyo miwili. Lakini bei yake tusiizungumze, leo ni Jumapili.

Basi, uza hiyo RAV4 hukohuko, ambako fundi wa mtaani aijua, kisha nitumie pesa kabla meli ijayo haijafika. Nimeshamwambia kijana wa yadi anichagulie Harrier mbili nyeusi, tutachomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye magari yote mawili, utaona picha kabla sijatoa shilingi. Ukikaidi na kulileta, njoo na plagi za kupashia injini moto, machujio ya kutosha miaka mitatu, na namba ya simu ya fundi wako wa huko.

Mama yako yu mzima. Aliniuliza kama gari lina nafasi ya kuingiza kiti chake cha magurudumu. Nikamwambia Harrier inayo.

Wako,
Athmani