Barua kwa Zuhura, kuhusu gego la titani

Ngong Road, Nairobi

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi. Baba Salim na watoto hawajambo? Huku sote wazima, ingawa baridi ya Julai imetubana na asubuhi ganzi inachelewa kushika kwa wagonjwa wanaofika wakitetemeka.

Nimeisoma ile karatasi ya bei uliyonitumia. Kipandikizi cha kwanza, yaani ile skrubu ya chuma cha titani inayozamishwa kwenye mfupa wa taya iwe mzizi wa jino jipya, ni cha bei nafuu, na daktari anataka ungoje miezi mitatu kabla ya kuwekewa jino juu yake. Cha pili kinakizidi kwa pesa nyingi, nao wamekuandikia kwamba uso wake wa nje umetengenezwa kwa namna ya pekee, na kwamba utatafunia gego jipya baada ya wiki nne. Unaniuliza kama huo uso ni kitu cha kweli au ni maneno ya biashara tu. Ni kitu cha kweli, Zuhura. Ila kazi yake si ile unayodhani unailipia. Unachonunua pale ni muda wa kungoja kupungua. Jino halitadumu zaidi kwa sababu hiyo, na hilo nataka ulielewe vizuri kabla hujatoa hata shilingi moja, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu.

Habari hii ilianzia Uswidi mwaka 1952. Mtafiti mmoja, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vifaa vidogo vya titani kwenye miguu ya sungura ili achunguze damu inavyopita ndani ya mfupa. Alipotaka kuvitoa havikutoka, mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno. Vipandikizi vya zama hizo vilikerezwa kwenye mashine kama skrubu ya kawaida, vikatoka vyororo vinang'aa. Mfupa uliviridhia, lakini taratibu: mgonjwa aliachwa miezi mitatu kwa taya la chini na sita kwa la juu, fizi zikiwa zimeshonwa juu yake, ndipo afunguliwe awekewe jino. Kwa hiyo uso mwororo nao hufanya kazi. Watu walivaa vipandikizi vile miaka na miaka.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya tundu, maana hapo ndipo kiini cha swali lako. Daktari akishatoboa mfupa na kuzungusha kipandikizi ndani, kitu cha kwanza kukigusa ni damu. Damu inaganda, na ndani ya lile bonge kuna nyuzi nyembamba za fibrini, ile protini inayogandisha damu, zilizojishika kwenye chuma upande mmoja na kwenye mfupa upande wa pili. Seli zinazojenga mfupa hutambaa juu ya nyuzi hizo kuelekea kwenye chuma. Seli zikitambaa huzivuta nyuzi. Chuma kikiwa chororo, nyuzi hubanduka na njia hukatika. Mfupa mpya hulazimika kuanzia kwenye ukuta wa tundu na kusogea polepole hadi ukifikie kipandikizi. Chuma kikiwa na uso unaoparuza, nyuzi hushika, seli hufika hadi kwenye titani na kuanza kujenga palepale juu yake. Hapo mfupa hukua kutoka pande mbili kwa pamoja. Wewe mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, unajua chokaa inavyoshika ukuta wa matumbawe na inavyoporomoka kwenye ukuta laini. Ni jambo hilohilo, ila kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Watengenezaji walihangaika sana kutafuta mparuzo unaofaa. Kuna walioyeyusha titani na kuipuliza juu ya kipandikizi hadi ikawa na vinundu. Wengine waliipaka haidroksiapatiti, madini yaleyale yanayofanya mfupa wetu uwe mgumu, na mfupa uliipenda kweli. Tatizo ni kwamba baadhi ya mipako hiyo ilikuja kumomonyoka au kubanduka kutoka kwenye chuma baada ya muda. Njia iliyotia mizizi ni ya kukipulizia kipandikizi chembe ngumu kwa nguvu ya hewa, chembe za ukubwa wa robo hadi nusu milimita, kisha kukitia kwenye asidi kali ya moto. Chembe huchimba mashimo makubwa, asidi huchimba vishimo vidogo ndani ya yale makubwa. Mwaka 1991 mtafiti Daniel Buser na wenzake walichapisha jaribio la nguruwe wadogo wa maabara, wakapima ni sehemu gani ya chuma imeguswa na mfupa. Nyuso zilizong'arishwa ziliguswa asilimia 20 hadi 25 tu. Zile za chembe na asidi zilifika asilimia 50 hadi 60, na zilizopakwa haidroksiapatiti 60 hadi 70. Mwishoni mwa miaka ya tisini vipandikizi vya chembe na asidi vikaingia sokoni, na kungoja kukashuka kutoka miezi hadi wiki sita au nane kwa mgonjwa mwenye mfupa mzuri.

Na usidhani kwamba kadiri uso unavyoparuza ndivyo mfupa unavyoshika. Una kipimo chake. Mwinuko wa wastani wa maikromita moja hadi mbili ndio mfupa unaoupendelea (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa makumi ya maikromita. Ukizidisha hapo hupati faida ya ziada.

Hicho cha wiki nne nacho kimepiga hatua nyingine. Titani ikikaa hewani hujikusanyia uchafu mwembamba wa kaboni, na polepole inaanza kuyakataa maji. Baadhi ya watengenezaji, kuanzia mwaka 2005 hivi, hukisafisha kipandikizi ndani ya gesi ya nitrojeni na kukifungia kwenye kichupa cha maji ya chumvi, kisiguse hewa hadi siku ya upasuaji. Nimevishika vyote viwili mkononi. Kikavu ni cha kijivu kilichofifia, na tone la damu likikiangukia hukaa juu yake limejikunja kwa muda. Kile cha kwenye maji ukikichomoa kinang'aa kwa unyevu, na ncha yake ikigusa tu damu ya mgonjwa, damu hupanda yenyewe kufuata nyuzi za skrubu hadi shingoni, na chuma chote huwa chekundu kabla hujaanza kukizungusha. Kila nikiliona jambo hilo hunipendeza upya.

Faida yake imepimwa. Katika jaribio la mwaka 2004, la Buser tena, baada ya wiki mbili kipandikizi cha majini kilikuwa kimeguswa na mfupa kwa asilimia 49, na kikavu chenye mparuzo uleule asilimia 29. Wiki ya nne ilikuwa 82 kwa 67. Wiki ya nane walikuwa wamekaribia kulingana. Rudia kuisoma sentensi hiyo, Zuhura, kwa sababu jibu lako liko humo. Anayengoja miezi mitatu hupata mfupa uleule.

Kwa nini basi wiki za mwanzo zina uzito? Siku ya kwanza kipandikizi hushikwa na nguvu ya skrubu peke yake, jinsi kilivyobanwa kwenye mfupa wa zamani. Mwili huanza kuubomoa ule mfupa uliobanwa ili ujenge mpya, na kuna kipindi, karibu wiki ya tatu na ya nne, ambapo wa zamani umelegea na mpya haujakomaa. Kipandikizi kikitikisika wakati huo kwa zaidi ya kiasi cha maikromita 150, mwili huacha kujenga mfupa na kukizungushia nyama ya kovu, na kikishafika hapo hutolewa. Uso mzuri huharakisha ujenzi, kwa hiyo lile bonde la udhaifu huwa fupi na si la kina sana. Kwa mtu mwenye mfupa laini, hasa nyuma ya taya la juu, mimi mwenyewe ningemshauri alipe hiyo tofauti. Vilevile kwa aliyeng'oka jino la mbele na hawezi kukaa miezi mitatu bila kucheka na watu.

Lakini wewe ni gego la taya la chini, mfupa wa pale ni mgumu, na pengo lako limekaa muda bila kukusumbua. Haraka ya nini? Ukiniuliza mimi, chukua kile cha nafuu na ungoje, kwa sharti moja: uhakikishe nacho kimepitia chembe na asidi au matibabu mengine ya uso yenye ushahidi. Siku hizi vilivyo vingi vimepitia, hivyo vyororo vya kukerezwa tu vimekuwa adimu. Mwambie daktari akuoneshe kimetoka kampuni gani na uso wake umetibiwa vipi. Daktari wa kweli hatakasirika.

Yapo mambo ambayo uso wowote hauwezi kuyaokoa. La kwanza ni joto. Mfupa ukipashwa nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu huumia, na kekee isiyo kali au isiyomwagiwa maji baridi inafika hapo upesi. Hilo liko mikononi mwa daktari, nami hulitazama kuliko jina la kipandikizi. La pili ni sukari yako. Usinifiche kama ulivyomficha daktari wa kwanza. Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kupona na hukaribisha maambukizi. Pima kile kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, umpelekee daktari majibu, na kama iko juu ahirisha upasuaji, gego litakungoja. Na Baba Salim apunguze sigara zake akiwa karibu nawe, ingawa ya kwake nayo tutaiongea siku nyingine, maana fizi zake nilizoziona Desemba hazikunifurahisha.

Kuna upande mwingine wa mparuzo ambao karatasi za bei hazikuandikii. Uso uleule unaopendwa na mfupa hupendwa pia na bakteria. Madamu kipandikizi kimezama kwenye mfupa hakuna neno. Fizi zikivimba na mfupa ukashuka, zile nyuzi za skrubu zikabaki wazi, uchafu hujificha kwenye vile vishimo na kuusafisha ni kazi ngumu mno. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona aina moja ya kipandikizi iliyoizidi nyingine kwa kudumu, na yaliona dalili kwamba vile vyororo havielekei kupoteza mfupa kutokana na maradhi haya ya fizi kama vile vinavyoparuza. Ndiyo maana nakusihi: mswaki mdogo wa kupenya katikati ya meno kila usiku, na kusafishwa kliniki kila baada ya miezi sita. Ukizoea mswaki wa kawaida peke yake, pale chini ya taji, yaani lile jino bandia la juu ya kipandikizi, haufiki.

Jambo jingine ambalo najua litakugusa. Kipandikizi chenyewe ni chuma kitupu, hakina kitu cha mnyama. Ila wakikuambia mfupa hautoshi na watauongeza, uliza ule unga wa mfupa umetokana na nini. Mwingi ni wa ng'ombe, na upo wa nguruwe. Uliza kabla, si ukiwa umeshalala kwenye kiti. Upo pia unaotengenezwa maabara bila mnyama yeyote.

Mwisho, usitoke pale bila ile stika ya kwenye boksi, yenye jina la kampuni, kipimo cha kipandikizi na nambari yake. Wagonjwa wanatufikia hapa na skrubu imelegea, kazi ya dakika chache, lakini hawajui kipandikizi ni cha nani, na kila kampuni ina bisibisi yake. Tunabaki kubahatisha kwa picha za eksirei. Bandika stika hiyo ndani ya kitabu chako cha hospitali na uipige picha unitumie.

Ukiamua kufanyia huku Nairobi, panda treni ya asubuhi, nitakupokea stesheni ya Syokimau na utalala kwangu. Ukifanyia hukohuko, nitumie kwanza eksirei ya taya niipime urefu wa mfupa juu ya ule mshipa wa neva, halafu nikupigie. Nimeshazungumza na mwalimu wangu wa upasuaji, naye yuko tayari kuitazama pamoja nami Alhamisi, kwa hiyo ijaribu kufika kabla ya hapo.

Nisalimie Mama na umwambie zile kahawa chungu nimezimaliza.

Wako,
Nyambura