Kwa kaka yangu wa Goma: ugonjwa wa dada yetu ni wako pia

Kaka yangu mpendwa,

Ulipompeleka dada yetu kwa mwanasaikolojia wa kituo cha afya, ulisema aliyeumia ni yeye, wewe huna neno. Kauli hiyo hainitoki moyoni, kwa maana usiku wa mabomu wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mlilala sakafuni katika chumba kimoja.

Ugonjwa wa dada tunauona: haendi tena sokoni, anashtuka usingizini, anajilaumu kwa mambo asiyoyatenda. Wako tunauita ukali. Juzi upepo ulipopiga bati la jirani uliruka, chai ikamwagika, kisha ukamkemea mtoto aliyekuwa ameketi kimya akikutazama. Jioni ukaenda kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, ukarudi watu wamelala.

Kiwewe, yaani jeraha la akilini linalobaki baada ya tukio la kutisha, kina dalili zile zile kwa wote: tukio kurudi kichwani au ndotoni, kukwepa kila kinacholikumbusha, mawazo kuwa mazito, mwili kukesha kama mlinzi. Dalili hizo zikipita mwezi mmoja na kuvuruga maisha, ni maradhi. Hata hivyo wanawake huelekea zaidi kwenye hofu na huzuni, wanaume kwenye hasira na pombe, ingawa wapo wanawake wakali na wanaume wanaojifungia ndani. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliona kwamba wanawake 10.4 kwa mia walikuwa wamewahi kuupata ugonjwa huu wa kiwewe, na wanaume 5 kwa mia, ilhali wanaume ndio waliokutana zaidi na matukio ya kutisha. Ubakaji, ambao huwaangukia zaidi wanawake na kuacha kiwewe kuliko matukio mengi, unaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Mimi naamini pia kwamba wanaume wengi hawahesabiwi, kwa sababu mwanamume aliyelewa huulizwa kwa nini amelewa, haulizwi anaota nini.

Kutibiwa kunawezekana, kaka. Hapa hapa Kivu, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanawake waliobakwa walipata nafuu kubwa kwa tiba ya mazungumzo katika vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa huku huku kwetu.

Alhamisi dada anarudi kituoni. Nitapita kwako saa mbili asubuhi, twende watatu. Hutalazimika kusimulia usiku ule. Mwambie mwanasaikolojia habari ya bati tu, naye atajua pa kuanzia.

Mdogo wako