Ni sisi tuliowachukiza watoto ushairi

Ndugu Mhariri,

Nauza vitabu kuukuu kando ya barabara hapa Mwembe Tayari, mwaka wa 19 huu. Riwaya nikiipanga asubuhi, jioni haipo. Tamthilia huondoka shule zikifunguliwa. Diwani za mashairi hukaa zikishika vumbi, nazipangusa, nazirudisha pale pale, na jambo hili laniuma sana.

Juzi alisimama binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, ataka kitu cha kusoma akingoja kwenda chuo. Nikampa "Sauti ya Dhiki" ya Abdilatif Abdalla. Alipofungua akaona beti, alinirudishia upesi kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Ami, haya si yale ya karatasi ya tatu ya Kiswahili? Mimi mtihani nishamaliza."

Nikamuuliza alifunzwa nini. Akanihesabia kwa vidole: taja bahari, yaani aina, ya shairi, eleza muundo, onyesha uhuru wa mshairi, andika ubeti wa tatu kwa lugha nathari. Je, kuna siku mwalimu aliwasomea shairi zima kwa sauti, bila swali lolote? Akafikiri kidogo. "La, ami."

Basi nikamweleza. Huyu mtunzi ni mwana wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa waraka uliouliza nchi inakwenda wapi, akakaa jela miaka 3, na mashairi haya aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka 1973. Binti akakishika tena, akasoma beti mbili, midomo ikimchezacheza. Hakununua, maana alikuwa na nauli tu ya kurudi Kisauni. Nimemwekea kando.

Marehemu nyanyangu, wa Mji wa Kale, aliujua kwa moyo utendi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858. Kuusoma hakuusoma, aliusikia kwa mamake. Akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, beti humtoka na mkono ukaenda nazo, kifuu kikigeuka kila kipande kikiisha. Sikumsikia hata siku moja akitaja neno mizani, yaani silabi za mshororo, wala hakukosea hata moja. Mimi nilipofika shule nilichapwa kwa kuhesabu mizani 15 mahali pa 16, na kwa miaka mingi baadaye sikutaka kuona shairi.

Sisemi arudhi, yaani kanuni za kutunga mashairi, isifunzwe. Kuijaza tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, mizani 8 kwa 8, mshororo baada ya mshororo, na vina vikae, ni ufundi, na kila fundi ana kipimo chake. Lakini walimu wetu, nawaomba, someni kwanza. Mtoto alisikie shairi, alirudie, alicheke au limhuzunishe, ndipo mumuulize bahari yake.

Nawe Mhariri, nina ombi. Katika ukurasa wenu wa mashairi, wekeni chini ya kila shairi maana ya maneno mawili matatu, hasa ya Kimvita na Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu. Vijana wakifika kwenye "mato" (macho) au "ndia" (njia) hukwama, wakadhani si lugha yao, na wengine ni wazaliwa wa hapa hapa kisiwani. Mkifanya hivyo, nitaukata ukurasa huo kila unapotoka niubandike kwenye ubao wa kibanda changu, upande wa kituo cha matatu, ambako watu husimama wakingoja gari.

Muuza vitabu,
Mwembe Tayari, Mombasa