Kabla ya kuzifuta gemu zote za vita, itazameni Thracia 776

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Dodoma aliyeandika wiki iliyopita kwamba gemu za vita zinawazoesha watoto wetu kuua bila kujali, na kwamba mzazi mwenye akili azifute zote kwenye simu na kompyuta ya nyumbani. Hofu yake naielewa. Mimi ni muuguzi, nina watoto wawili wa kiume, na zipo gemu ambazo sitaki kuziona sebuleni kwangu. Ninachokataa ni kuzitia zote kapu moja.

Ipo moja ambayo naamini ndugu yangu huyo hajawahi kuisikia, kwa sababu hata kwao ilikotoka haikupata bahati. Inaitwa Fire Emblem: Thracia 776. Iliundwa Japani na kampuni ya Intelligent Systems, Nintendo wakaitoa mwaka 1999 kwa ajili ya Super Famicom, mashine iliyokuwa sokoni tangu 1990. Nintendo hao hao walishahamia mashine mpya, Nintendo 64, tangu 1996. Kaseti yake ya kawaida ilipofika madukani, Januari 2000, mashine ya washindani wao Sony, PlayStation 2, ilikuwa imebakiza wiki chache tu kutoka, na watu walishaelekeza macho huko. Kabla ya kaseti hiyo, mteja alikwenda na kaseti ya kuandikwa upya mpaka kwenye duka la Lawson, akalipa, mtambo wa pale ukamwingizia gemu, kama sisi tulivyokuwa tukipeleka memori kadi kibandani kurushiwa nyimbo. Nje ya Japani haikuuzwa rasmi wakati ule. Mashabiki ndio waliojitolea kuitafsiri kwa Kiingereza, na ni toleo hilo ambalo mdogo wangu alituwekea kwenye kompyuta yetu ya zamani.

Si gemu ya kufyatua risasi. Uwanja umegawanywa miraba, wewe unasogeza watu wako mmoja mmoja, kisha adui naye anasogeza wake. Kila mtu ana jina, ana sura na ana alikotoka. Akifa, amekufa, humwoni tena mpaka mwisho wa hadithi. Kiongozi wao ni Leif, mwanamfalme wa nchi ya Leonster, ambaye wazazi wake waliuawa jangwani akiwa bado mdogo sana. Mpanda farasi mmoja, Finn, akamtorosha, wakahangaika naye nchi hadi nchi, hatimaye wakapata hifadhi katika kijiji cha Fiana kwa mwanamke anayeitwa Eyvel. Hadithi inaanza maadui wamekwishavamia kijiji hicho na kuondoka na wasichana wawili, Nanna na Mareeta.

Sasa nisikilizwe hapa, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Jeshi la Leif ni fukara. Hakuna hazina inayolipa mishahara, hakuna anayeleta silaha, na mkuki ukitumika sana unavunjika. Njia kubwa ya kuishi ni kumteka adui akiwa hai. Mtu wako mwenye umbo kubwa kuliko mpinzani anaweza kumkamata badala ya kumuua, lakini akijaribu hivyo nguvu zake, wepesi wake na ulinzi wake vyote vinashuka nusu. Akifanikiwa, unachukua silaha za yule mateka, kisha unamwachia aende zake. Kumhurumia adui kunakutia hatarini, lakini pia ndiko kunakokulisha. Katika sura ya nne ya hadithi Leif yuko gerezani katika mji wa Manster, amenyang'anywa kila kitu, na mnatoka humo kwa kuwakamata walinzi na kutumia silaha zao wenyewe. Mwanangu mkubwa, aliyeko kidato cha tatu, alianza kwa kuua kila kilichosogea. Kufika hapo alikuwa ananiuliza, "Mama, huyu tumkamate na nani?" Ningependa msomaji wa Dodoma angekuwepo akasikia swali hilo.

Adui naye anaweza kuwateka watu wako. Na ziko sura ambazo kushinda kwenyewe ni kukimbia: kila mtu afike ukingoni mwa ramani atoke, na Leif anatakiwa atoke wa mwisho. Ukimtanguliza yeye, wote waliobaki nyuma wanakamatwa, na itakupasa kusubiri mpaka sura za mwishoni huko kupata nafasi ya kuwakomboa.

Kuna na suala la uchovu, ambalo kwangu mimi ni la pekee. Kila mtu anapopigana au kutibu, uchovu wake unahesabiwa. Ukifikia au kuzidi kiwango chake cha juu cha uhai, sura inayofuata halali yake ni kupumzika, umpende usimpende. Wanaochoka upesi kuliko wote ni waganga, kwa kuwa kila fimbo ya tiba ina uzito wake wa uchovu na miili yao wenyewe ni dhaifu. Hata tiba inaweza kushindwa: fimbo inainuliwa, na jeraha linabaki pale pale. Nimefanya zamu za usiku miaka mingi na sijaona hadithi nyingine ya vita, iwe kitabu au filamu, iliyomkumbuka anayefunga vidonda kiasi hicho. Katika nyingi ya hizo mganga ni kama bomba la maji, unafungua tu. Kitu kimoja sikubaliani nacho: Leif mwenyewe hachoki kamwe. Ningetaka naye achoke kama wengine, hasa kwa kuwa hadithi yenyewe haimtukuzi. Anashupaa kuushambulia mji wa Alster wakati mshauri wake August anamkataza, jeshi linapigwa, na jemadari wake mzee Dorias anapoteza maisha. Kijana wa kifalme anaachwa na majuto yake, wala hakuna muziki wa ushindi wa kumfariji.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa jemadari Xavier. Anapigana upande wa dola, yaani maadui wa Leif, yeye na askari wake wenye deraya nzito, na ukitaka unaweza kuwamaliza. Ila ukifungua vyumba vya gereza la ngome utawakuta ndugu zao wamezuiliwa humo, na hiyo ndiyo sababu wanapigana. Inabidi uwatoe raia hao, uwalinde katikati ya vita, umfikishe kila mmoja kwa askari wake wazungumze. Askari akimwona mtu wake yu hai, anageuka. Ni wakishageuka wote ndipo Xavier anakuwa tayari kukusikiliza. Kwa mchezaji ni kazi ngumu mno, inachukua muda, na kosa moja linaharibu yote. Sisi tuliifanya mimi na wanangu wote wawili tumekaa mbele ya kioo, mdogo akiandika kwenye daftari nani ni ndugu wa nani.

Simshauri mtu amkabidhi gemu hii mtoto wa darasa la tatu. Ni ngumu, wakati mwingine inaonea: askari wa adui wanatokea nyuma yako bila taarifa, na baadhi ya ramani ni giza tupu. Kuna pia madhehebu ya Loptr yanayowinda watoto kwa ajili ya kafara, jambo ambalo mzazi anatakiwa awepo kulieleza. Mtunzi wa gemu hii, Shouzou Kaga, aliondoka katika kampuni baada ya kazi hii, na mfululizo wa Fire Emblem uliendelea bila yeye hadi ukapata umaarufu duniani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Ukurasa wenu wa burudani unachambua filamu na muziki kila wiki, na nauthamini. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuchambua na gemu kwa uzito huo huo: nani aliitunga, inamtaka mchezaji afanye nini, inafaa umri gani. Sisi wazazi tutajua ipi tuifute na ipi tukae tuicheze na watoto. Kama mtaanza na hii, mwandishi wenu asiishie sura ya kwanza. Afike gerezani Manster, sura ya nne, na akae na kijana pembeni yake.

Muuguzi wa zamu ya usiku,
Morogoro