Risala ya Klabu ya Hisabati kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Mwaka huu klabu yetu imesoma maisha ya mwanahisabati Michel Talagrand wa Ufaransa, mshindi wa Tuzo ya Abel ya 2024, tuzo kubwa ya hisabati duniani.

Mheshimiwa, Talagrand alipoteza jicho la kulia akiwa na miaka 5. Alipofika miaka 15, retina ya jicho la kushoto, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, nayo ikaachia. Alilazwa mwezi mzima, macho yote yamefungwa bandeji. Baba yake, mwalimu wa hisabati, alikuja kila siku, akaketi kando ya kitanda na kumfundisha hisabati kwa mdomo tu.

Mwaka 1974 kijana huyo aliajiriwa na CNRS, taasisi ya utafiti ya taifa lake, akabaki huko hadi alipostaafu. Alichunguza uwezekano, yaani hisabati ya mambo ya bahati. Alionyesha kwamba jambo linalotokana na bahati nyingi ndogondogo zisizotegemeana, bila hata moja kuzitawala nyingine, haliyumbi sana. Tulijaribu wenyewe kwa sarafu ya shilingi 200, tukairusha mara 1,000. Picha ya Mzee Karume ikitokea chini ya mara 450 au zaidi ya 550, hiyo ni ajabu isiyofika mara 1 kati ya 500. Kisha Talagrand akathibitisha kanuni ya mwanafizikia Giorgio Parisi kuhusu vijisumaku vinavyovutana na kusukumana ovyo ndani ya metali. Kanuni hiyo iliaminika miaka mingi bila uthibitisho. Wake ulichapishwa 2006. Kwetu sisi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku ya sarafu, aliyesoma matokeo ni mwenzetu asiyeona. Alipitisha kidole gumba juu ya sarafu, akatamka upande, nasi tukaandika. Hakusita. Lakini kipindi cha hisabati kikifika, yeye na wenzetu wawili wenye uoni hafifu hubaki maktaba, kwa kuwa hatuna vitabu vya hisabati vya nukta nundu wala vya maandishi makubwa.

Tunakuomba utusaidie kupata vitabu hivyo, pamoja na mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu. Viti vyao vitatu tumeshaviweka mstari wa mbele.

Tunaomba kuwasilisha.