Milango ya kalsiamu kwenye neva

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Umeuliza mbona amlodipini na pregabalini zote husemwa ni dawa za kalsiamu, ilhali moja ni ya presha na nyingine ya maumivu ya neva. Jibu ni kwamba hazigusi mlango mmoja wa kalsiamu (chaneli, yaani tundu la protini kwenye utando wa seli), na pregabalini haizibi mlango wowote.

Nje ya seli ya neva kalsiamu ni kati ya milimola 1 na 2 kwa lita. Ndani, seli ikiwa imetulia, ni kama nanomola 100 tu, yaani nje imezidi mara 10,000 na zaidi. Umeme wa neva ukifika kwenye ncha, chaneli hufunguka kwa muda wa kama milisekunde moja hivi, na kalsiamu hujimwaga ndani bila kusukumwa. Humo inaishika protini iitwayo sinaptotagmini, vifuko vya nyurotransmita, kemikali za kupeleka ujumbe, vinaungana na utando, na yaliyomo yanamwagika kuelekea seli ya pili. Sasa angalia hesabu hii, maana ndiyo siri ya dawa zote hizi: katika sinapsi nyingi, yaani maungio ya seli za neva, umwagaji hufuata kipeo cha 3 au cha 4 cha kalsiamu. Kalsiamu inayoingia ikipungua nusu, umwagaji hushuka hadi sehemu moja ya 8, au hata ya 16. Ndiyo maana si lazima dawa ifunge milango yote.

Milango yenyewe ni ya aina mbalimbali, zinazoitwa kwa herufi: L, N, P/Q na T. L imejaa kwenye misuli ya mishipa ya damu, na ndiyo shabaha ya amlodipini. Neva nazo zina L, ila nyingi ziko kwenye mwili wa seli. Kazi ya umwagaji kwenye ncha hufanywa zaidi na N na P/Q. Basi hata ukiongeza amlodipini utashusha presha na kuvimbisha miguu, lakini maumivu yatabaki palepale. T hufunguka kwa volti ndogo, na katika thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo, ndiyo inayosaidia kupiga mdundo wa mara 3 kwa sekunde kwa mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa. Ethosuksimidi, dawa ya kifafa hicho, hupunguza mkondo wa kalsiamu wa T. Mtoto huyo usimpe pregabalini wala mwenzake gabapentini, zinaweza kumzidishia.

Gabapentini na pregabalini hushika kipande cha pembeni cha chaneli, alfa-2-delta, kinachosaidia kuifikisha chaneli kwenye ncha. Milango inayofika inapungua taratibu, kwa hiyo usitegemee nafuu kamili ya siku moja. Jina lisikudanganye: gabapentini iliundwa kufanana na GABA, kemikali inayotuliza neva, lakini haifanyi kazi kwenye vipokezi vya GABA.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni la dozi. Gabapentini hubebwa kutoka utumbo na kibebeo kinachojaa upesi: kwa miligramu 900 kwa siku, ikigawanywa mara tatu, huingia kama asilimia 60, kwa 4,800 huingia kama asilimia 27. Kwa hiyo usirundike dozi kubwa mara moja, igawe. Dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesiamu itenge kwa saa 2. Pregabalini huingia asilimia 90 au zaidi, kwa hiyo miligramu zake si sawa na za mwenzake. Zote mbili hutolewa na figo bila kubadilishwa, hivyo angalia kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kabla ya kuandika dozi, hasa kwa mzee. Mzee aliyelewa usingizi na kuyumba mara nyingi ana figo dhaifu na dozi ya kijana. Zikichanganywa na mofini pumzi inaweza kuzama. Kuziacha, shusha taratibu kwa wiki moja au zaidi.

Kizibo halisi cha N ni zikonotidi, iliyoigwa kutoka sumu ya konokono wa baharini, Conus magus. Ni asidi amino 25 zilizofungwa kwa madaraja matatu ya salfa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2004. Haimezwi: huingizwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo, kuanzia mikrogramu zisizozidi 2.4 kwa siku, ikipandishwa polepole, mwisho 19.2. Ukiharakisha, mgonjwa huchanganyikiwa au kuona visivyokuwepo, na aliyewahi kuugua wazimu hapewi kabisa. Uzuri wake ni kwamba haizamishi pumzi, na inaweza kukatwa ghafla. Mofini nayo hufunga N, lakini kwa kupitia kipokezi chake, na kipokezi huzoea; zikonotidi huenda kwenye mlango moja kwa moja.

Na kwa kuwa uko wodini: nimodipini, nayo kizibo cha L, miligramu 60 kila saa 4 kwa siku 21 baada ya damu kuvuja chini ya utando wa ubongo, ni ya kumeza. Asiyeweza kumeza hupewa kwa mpira wa tumboni. Kama ni maji ya ndani ya kapsuli, yavute kwa bomba lisiloingia kwenye mshipa, uandike juu yake «si ya mshipa». Yakiingia mshipani presha huanguka na moyo unaweza kusimama.

Nisalimie wenzako wa zamu.

Wako,
Rehema